Chumba cha Mtu Mmoja

Domo la rafiki yangu Mzoxolo halijui likizo. Mkewe, Nolitha, alizama baharini, kwenye majabali chini ya hoteli ya fungate yao. Juzi alikwenda kuichukua roho yake kwa tawi la mti wa miiba, kama ilivyo desturi yetu, airudishe nyumbani.

"Uongee na Nolitha tu, shemeji," alionywa na kaka wa Nolitha. "Leo lifunge hilo domo, ukimsemesha mwingine atakuacha!"

"Tunapanda ngazi, mke wangu," alimwambia, tawi sasa limekuwa zito mkononi. Mvua ikamwingiza hotelini.

"Karibu, kaka! Mko wawili?" aliuliza mhudumu.

"Niko peke yangu, dada."

Umeme ukakatika. Tawi likawa jepesi. Gizani akasikia miguu mitupu, iliyolowa, ikimwacha.

Taa ziliporudi, nyayo ndogo za maji zilielekea baharini. Mlangoni zilikuwa zimegeuka na kusimama zikimwelekea, kama za mtu anayesubiri, mpaka maji yakatuama hapo.