Kamba Si Senene

Leonsia anakaa Igogo, karibu na ziwa. Wakati wa kisa hiki alikuwa akiuza maandazi mlangoni kwake kila asubuhi. Mume wake, Rwehumbiza, alikuwa fundi katika kiwanda kimoja Nyakato. Mwaka ule wafanyakazi wengi walipunguzwa kazi, naye akiwamo. Nyumba nzima ikawa inategemea maandazi.

Ijumaa moja alikuja Bwana Chenge, msimamizi wa kiwanda kipya cha samaki.

"Mama, tumepata mafundi wanne kutoka Thailandi," alisema. "Wanafunga mashine za kugandisha samaki. Watakaa mwaka mzima na wanataka mpishi. Kesho mchana uje uwapikie kamba kwa pilipili. Wakikipenda chakula, kazi ni yako."

Akamwachia pakiti ya kamba wa pwani walioganda, ajaribu kwanza.

Leonsia hakuwahi kupika kamba. Lakini amezaliwa Bukoba, na mtu wa Bukoba humwambii kitu kuhusu kukaanga senene, wale panzi wa kuliwa. Aliwatazama wale kamba, miguu mingi na mgongo uliopinda.

"Hawa ni senene wakubwa tu," alisema.

Akachukua nusu ya pakiti. Akawakaanga kwa moto mdogo, akiwageuza taratibu mpaka wakakauka. Walikaa jikoni karibu saa nzima.

Rwehumbiza alitafuna, akatafuna tena.

"Mama Alexander, sasa najua kwa nini wanaitwa kamba. Hawa unaweza kufungia ng'ombe."

Leonsia hakucheka. Aliogopa kuikosa kazi ile. Akabeba nusu iliyobaki, ikiwa bado na barafu, akaenda kwa jirani yake Kija. Kija alipika miaka minane katika hoteli ya Wachina mjini.

"Shikamoo, dada Kija."

"Marahaba. Mbona umekunja uso?"

Leonsia akamweleza yote. Kija alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Senene anataka subira, mdogo wangu. Kamba anataka haraka. Koleza mkaa, moto uwe mkali."

Waliwaloweka kamba kwenye maji baridi mpaka barafu ikaisha. Wakatoa maganda. Kija akapasua mgongo wa kamba mmoja kwa ncha ya kisu.

"Unaona huu mshipa mweusi? Ni uchafu wake. Utoe, kisha uwaoshe na uwakaushe kwa kitambaa safi."

"Kuwakausha kwa nini?"

"Wakiwa na maji watachemka, hawatakaangika. Na mafuta yatakurukia."

Kisha wakatwanga kitunguu saumu na tangawizi. Wakakata pilipili kichaa, karoti na hoho vipande vyembamba. Kija hakutaka kikaango kiguse moto kabla kila kitu hakijawa tayari.

"Ukianza kukaanga huna nafasi ya kutafuta kisu," alisema.

Mafuta yalipopata moto sana, kamba wakaingia. Leonsia akageuza upesi. Rangi ya kijivu ikageuka kuwa nyekundu. Hata dakika tatu hazikwisha.

"Watoe," Kija alisema.

"Mapema hivi? Wameiva kweli?"

"Kata mmoja. Nyama ni nyeupe mpaka ndani, basi ameiva. Tena mtazame anavyojikunja. Akiwa kama herufi C, ameiva. Akijikunja akawa O, umechelewa."

Saumu, tangawizi na pilipili zikafuata kwenye kikaango, halafu karoti na hoho. Mboga zilipoanza kulainika, kamba walirudishwa. Kija akaongeza vijiko viwili vya mchuzi wa soya, sukari kidogo na ndimu. Akakoroga mara moja, akaipua.

Leonsia alionja. Kamba alikuwa laini, na pilipili ilimwasha vizuri. Alifurahi sana, na hofu ikamtoka.

Jumamosi alipika kiwandani mbele ya mafundi wote wanne. Alikata kila kitu kwanza. Moto ulikuwa mkali. Kamba walipofika C, aliwatoa bila kumwuliza mtu.

Fundi mkubwa alikula chote. Alipomaliza, alizungumza na Bwana Chenge kwa Kiingereza.

"Anauliza, chakula hiki umekipika miaka mingapi?" alisema Chenge.

"Mwambie, tangu jana."

Chenge akatafsiri. Yule fundi alimtazama Leonsia, akacheka, akamsogezea sahani aongezewe.

"Anasema uje Jumatatu," alisema Chenge. "Na uzidishe pilipili."