Bibi wa Mfalme Ludoviko

Go! Go! Go!

Debe liligongwa mara tatu nje. Glorious akajichomoa kifuani kwa mumewe kama mtu aliyefumaniwa.

"Mama anakuja! Ludo, pitia nyuma, huko kwenye maganda!"

"Ngoja kwanza, hatujamaliza."

"Hatujamaliza kwa sababu hujanijibu. Jumatatu saa mbili asubuhi gari la kwenda Lituhi, kule ziwani, linapita Kitai. Mimi nitakuwemo. Wewe utakuwemo?"

"Mke wangu, nipe muda. Ngoja nimwulize mama."

"Mimba ina miezi minne, Ludo! Nikizalia hapa, na mtoto naye atapelekwa ng'ambo ya mto kulinda kahawa? Nikipanda gari peke yangu, usinifuate."

Ludoviko akaruka rundo la maganda na kupotelea mibunini.

Jamani, hao si wezi wala wazinzi. Ni mke na mume, ndoa ya kanisani, vigelegele mpaka sauti zikakauka. Lakini tangu msimu wa kahawa uanze mwezi wa sita, Mama Hildegardi alimhamishia mwanawe kwenye kibanda cha shamba la ng'ambo, mkwe akabaki naye nyumbani hapo kijijini Ukata. "Mwanaume akizoea kitanda anasahau shamba," alisema, na hakuna aliyembishia. Basi wakawa wanaibiana dakika kumi kwenye banda la mashine ya kumenyea kahawa, huku wifi yake Glorious, Albina, akilinda njia na debe lake.

Mama Hildegardi aliingia bandani. Kwanza ajulikane hivi: mama huyu hana hodi. Bandani, jikoni, hata chumbani kwa wanandoa, yeye anasukuma mlango tu.

"Unafanya nini humu peke yako?"

"Nasafisha mashine, mama."

"Mashine wasafishe wanaoijua. Ninyi wa ziwani mnajua kuanika dagaa wenu, usipa. Na hilo debe ni la nini?"

"Albina anafukuza ngedere, mama."

"Ngedere wa mwaka huu wamezidi." Akamkazia macho. "Hiyo barua yako ya kazi ya uuguzi nimeisikia. Wewe nenda ukitaka. Mwanangu haendi ziwani. Hata mfalme hakuamua jambo bila kumwuliza bibi yake!"

Glorious aliinamisha kichwa. Maneno hayo alishayachoka.

Mfalme mwenyewe ni Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa wa zamani zile za vita vya msalaba, ambaye mama alimpa mwanawe jina lake. Marehemu baba yake Hildegardi, katekista, alimwachia kijitabu cha misheni chenye habari zake, na kila tarehe ishirini na tano Agosti mama huwasomea wanajumuiya nyumbani kwake. Mfalme alivyofiwa na baba akiwa mdogo. Mama yake, Malkia Blanka, alivyomshikia nchi. Alivyovuka bahari kwenda kupigana Misri, akashindwa, akakamatwa. Sultani alipomtajia masharti ya kumwachia, mfalme akajibu: "Sijui kama yatakubaliwa. Lazima nimwulize bibi yangu."

Hapo ukurasa wa thelathini na moja unaisha, na hapo mama hufunga kitabu.

"Mnaona?" huwaambia. "Mfalme mzima, na majeshi yake, anataka kwanza amwulize bibi yake! Ninyi vijana wa leo hamwulizi hata mama!"

Na Ukata nzima huitikia kwa kichwa, maana huko bibi ni mzaa baba au mzaa mama, basi. Kurasa zilizofuata ziligandamana kwa nta ya mshumaa tangu enzi za katekista.

Jumamosi hiyo Glorious alikuwa akifuta meza ya ibada. Akakishika kile kijitabu. Sijui ni hasira au ni uchokozi wa watu wa ziwani, akapasha kisu moto, akakipitisha taratibu katikati ya zile kurasa. Zikaachana. Akasoma. Akakaa chini, akasoma tena. Kisha akatoa simu, akamwandikia mumewe.

"Mama anasema macho yake mwaka huu hayasomi, kesho atakupa wewe usome. Ukifika ukurasa wa 31 USIFUNGE. Fungua unaofuata."

Jibu likaja: "Kuna nini?"

"Soma tu. Nikikwambia mimi, utasema ngoja umwulize mama."

Ujumbe ukasomwa.

Jumapili alasiri jumuiya ilijaa sebuleni. Rozari ikasaliwa, wimbo ukaimbwa. Glorious alikaa karibu na mlango. Begi lake lilikuwa limefungwa chini ya kitanda.

"Macho yangu mwaka huu mabovu," mama alisema. "Ludoviko baba, leo ni sikukuu ya somo wako. Soma."

Ludoviko akasoma. Ukurasa wa ishirini. Wa ishirini na tano. Wa thelathini. Glorious alikuwa anahesabu kurasa kama mgonjwa anayesubiri majibu ya kipimo.

"'...Lazima nimwulize bibi yangu.'"

"Amina!" mama akadakia. "Hapo hapo. Funga, baba."

Ludoviko akaanza kufunga. Glorious akaona kitabu kinafungwa na ndoa yake ndani. Mungu wangu, anafunga! Anafunga kweli!

Kidole cha Ludoviko kikabaki katikati.

"Mama, kuna ukurasa mwingine."

"Hakuna. Zimegandamana hizo."

"Zimeganduka." Akakohoa. "'Bibi huyo ni Malkia Margareta, mke wake, ambaye alimwacha katika mji wa Damieta akiwa mjamzito...'"

Mzee Mansuetus, mwenyekiti wa jumuiya, akatega sikio.

"Rudia hapo, kijana."

"'Mke wake,' mzee."

"Wamekosea kuchapa!" mama akaruka. "Bibi ni bibi! Bibi anakuwaje mke wa mtu?"

Glorious akasimama.

"Samahani, mama. Siku ile kanisani, mnanipigia vigelegele, mlikuwa mnaniitaje?"

"Tulikuita... si bibi harusi?"

"Nilikuwa na wajukuu wangapi, mama?"

Ohoo! Mzee Mansuetus alicheka mpaka rozari ikamdondoka.

"Mama Ludoviko! Miaka thelathini unatusomea habari za bibi, kumbe bibi mwenyewe ni mke!"

"Endelea kusoma," mama alisema kwa sauti ndogo.

"'Tangu ujana wao Malkia Blanka hakupenda mwanawe akae na mkewe. Wakawa wanaonana ngazini kwa siri, na watumishi walipomwona mama anakuja, waligonga mlango kwa fimbo ili mfalme akimbie...'"

Albina akapaliwa na chai. Mama akageuza shingo polepole, akamtazama.

"Ngedere," alisema.

"Nisamehe, mama."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Hildegardi alikaa akiisugua ile nta iliyobaki pembeni mwa kitabu. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza Glorious akamwona ni mama mjane tu, anayeogopa kubaki peke yake.

"Ludoviko. Mkeo anataka kwenda Lituhi kesho. Wewe unasemaje?"

Glorious akafumba macho. Alilijua jibu.

"Ngoja nimwulize..." Ludoviko akaanza.

Basi. Imekwisha.

"...ngoja nimwulize bibi yangu."

Akafumbua macho. Mumewe alikuwa amemgeukia yeye, jasho linamtiririka, mbele ya jumuiya yote.

"Glorious, twende?"

"Twende," akasema, akaangua kilio.

Mama alichukua kitabu chake, akaingia chumbani. Hata chakula hakutoka kula.

Kulipopambazuka Ludoviko alikuwa anabana zipu ya begi, Glorious anatafuta kiatu cha pili, wote wawili roho juu. Nyayo zikasikika kwenye kibaraza. Walizijua. Glorious akaukodolea mlango macho, akisubiri usukumwe kama siku zote.

Nyayo zikasimama. Mlango haukusukumwa.

"Hodi?"

Wakatazamana. Wakadhani wamesikia vibaya.

"Hodi humo ndani, nimesema! Nimewaletea maharage ya safari, na ya huyo wa miezi minne mnayenificha tumboni, maana macho yangu ni mabovu lakini si kiasi hicho. Mnaitikia, au mnataka nigonge debe?"