Bushi ya Rula

Harufu ya waridi ilianzia kwenye kabati la seva. Katika ofisi ya wachoraji wa karakana ile, watu walizoea harufu ya grisi na ya chuma kilichokatwa. Waridi halikuwa na njia ya kufika pale. Mama Pacha, mmoja wa wachoraji, alifungua kabati, akanusa, akalifunga.

"Nani kajipulizia marashi humu?"

"Labda kompyuta zinaolewa," alijibu Mkereza, fundi wa mashine ya kukereza vyuma, aliyekuja kufuata mchoro. "Mwaka huu hata mitambo inanukia kuliko mimi."

Wote walicheka, isipokuwa Rula.

Rula ndiye aliyekuwa mchoraji mkongwe. Walimpa jina hilo kwa sababu mistari yake haikupinda hata alipokuwa na homa. Kwa miaka mingi vipuri vyote vizuri vilivyochorwa vilikaa kwenye kompyuta yake: boliti, bawaba, puli, bushi. Ukihitaji kimoja ulikwenda mezani kwake, ukamwamkia, ukamsifu kidogo, ndipo akupe. Asiyependa kuomba alijichorea mwenyewe, kwa vipimo vyake. Basi ikatokea mashine ya kusaga ya mteja ikakataa kufungika, kwa kuwa ekseli ilitoka kwa mchoraji mmoja na bushi, ile pete ya shaba inayoizunguka ekseli, ikatoka kwa mwingine. Bosi akasema imetosha. Vipuri vyote viingie kwenye seva, katika maktaba moja ya pamoja. Kipuri kimoja, mahali pamoja, jina moja. Kikirekebishwa pale, kirekebike katika kila mchoro kinamotumika. Kazi ya kuijenga akapewa Mama Pacha, ambaye Rula mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuchora.

Hapo ndipo wivu ulipoingia, na uliingia kimya kimya, kama maji yapitavyo chini ya mlango.

"Umeyabadilisha majina," Rula alimwambia siku alipoifungua maktaba mpya.

"Kaka, siwezi kuacha 'Bushi Kipenzi cha Rula'. Atakayeajiriwa kesho ataijuaje? Nimeandika bushi, shaba, na kipimo chake."

"Jina la mtu hufutwa akishakufa, dada yangu."

Alisema hayo akitabasamu, lakini ni meno tu yaliyotabasamu.

Kulikuwa na jambo ambalo Mama Pacha hakulijua. Kila Rula alipomaliza kuchora kipuri, alikizungusha polepole kwenye kioo cha kompyuta, kama mtu anayemgeuza mtoto mchanga ili amtazame vizuri, kisha akakinong'oneza: "Wangu wewe. Usiende kwa mtu." Alifanya hivyo mchana, wenzake wakiwa wametoka kula, chumba kikiwa kitupu. Au alidhani ni kitupu. Mapenzi yakimwagwa kila siku mahali pasipo na mtu, mwishowe huja kitu kuyanywa.

Mambo yakaanza. Mchoraji yeyote alipoivuta bushi kutoka maktabani, waridi lilimpanda puani, na tundu la bushi likawa limepungua kwa unene wa unywele. Mama Pacha alilirekebisha, asubuhi akalikuta limerudi vile vile. Na kwa kuwa michoro yote ilichota pale pale, kosa moja likawa kosa la karakana nzima. Mkereza akakereza bushi zisizoingia popote, akazirundika mlangoni kama vyungu vilivyopasuka. Lakini alipofungua Rula, kipimo kilikuwa sawa.

"Vinamjua mwenyewe," alisema Rula, na moyo wake ukafurahi. Furaha ile ilikuwa mbaya kuliko kosa lenyewe.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Mama Pacha alibaki peke yake. Jua lilikuwa kali dirishani. Alisikia tupa ikikwaruza chuma, taratibu, ndani ya kabati la seva. Akatega sikio. Ile bushi kwenye kioo ikaanza kuzunguka ingawa mkono wake ulikuwa mapajani, ikazunguka huku waridi likizidi mpaka likawa kama nyama iliyooza ndani ya marashi, na katikati ya mvumo wa feni akasikia sauti ya mwanamke, karibu mno na sikio lake, ikinong'ona, "Nani amekuruhusu kumshika?", kisha akahisi kitu baridi, cha mviringo, kisichoonekana, kikivishwa kwenye kidole chake cha shahada, kikashuka pingili moja, kikashuka ya pili, kikatulia, kikaanza kubana.

Daktari alikitazama kidole kile kilichovimba, chenye alama ya pete isiyokuwepo, asione kitu. Kilipoanza kuwa cheusi, akataja kukikata.

"Ndicho ninachochorea," Mama Pacha alimwambia Mkereza kwa sauti ya chini, akilia. "Na weusi unapanda, ndugu yangu. Leo umefika kiganjani."

Mkereza hakutania siku hiyo. Alikwenda kumleta shangazi yake, mganga. Mganga yule hakufukiza kitu. Alisimama mbele ya kabati, akanusa, akawageukia.

"Ni jini wa kike, na ana wivu. Hakuja kuiba. Kuna mtu alipenda kitu mbele yake mpaka na yeye akataka kupendwa hivyo. Sasa anamlinda bwana wake asishirikiane na wengine." Akamtazama Rula. "Baba, umenielewa?"

Rula aliinamisha kichwa. "Nimekuelewa, mama."

"Ulivyovifunga kwa mdomo, vifungue kwa mdomo. Kimoja kimoja. Na usibakize. Mwenye wivu ukimbakizia kitu kimoja, hukigeuza nyumba."

Rula akaketi. Alifungua kila kipuri, akakizungusha mara ya mwisho, akakiambia, "Nenda kwa watu." Boliti zikaenda. Bawaba zikaenda. Puli zikaenda. Kila kimoja kilipokwenda, Mama Pacha alivuta pumzi ndefu zaidi. Mwisho ikabaki bushi, kipuri cha kwanza alichochora maishani, akiwa bado mwanafunzi wa kazi. Rula akaizungusha mara mbili.

"Nenda kwa watu," akasema.

Ikasikika pete ya chuma ikidondoka sakafuni. Ikabingirika, ikabingirika, ikaishia chini ya kiti cha Rula. Waliinama wote kuitafuta, wasione kitu. Lakini kidole cha Mama Pacha kilikuwa kimeanza kurudia rangi yake, na waridi lilikuwa limetoweka chumbani.

"Bibi harusi kapewa talaka," alisema Mkereza, akijifuta jasho, na safari hii hata Rula alicheka.

Alicheka mkono wake ukiwa mfukoni. Humo mlikuwa na flashi ndogo ya kuhifadhia michoro, na ndani ya flashi bushi ile ya kwanza, yenye jina lake la zamani. Nakala tu, alijiambia. Ya maktaba nimeiachia. Hii inamdhuru nani?

Jioni alifika nyumbani mapema. Mkewe alimpokea mlangoni, akamshika mkono kumwingiza ndani, kisha akasimama ghafla.

"Mume wangu, leo unanukia waridi. Umetoka kwa nani wewe?"

"Kwa nani tena, mke wangu? Kazini."

"Haya, tutajua," alisema mkewe akicheka. Kicheko kikakatika. Aliuachia mkono wa mumewe, akakiinua kidole chake mwenyewe cha shahada kwenye mwanga wa taa, akakigeuza huku na huku. "Hebu nitazamie hapa. Kama kuna kitu kinanibana."

 Mfukoni mwa Rula ile flashi ilikuwa imeanza kuzunguka, polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto mchanga ili amtazame vizuri.