Soksi za Mabrouk

Siku kifurushi cha kaka yangu Harub kilipofika hapa Ibra, Omani, tulicheka mpaka tukatokwa na machozi. Alikuwa ameagiza kwa simu viatu vya kutembelea juu ya theluji. Vipana kama nyungo, vya plastiki nyekundu, na mikanda ya kufungia vifundoni. Akavivaa, akashika kiuno, akazunguka ua mzima kama bata.

"Theluji na mchanga si mamoja, shemeji," alisema mume wangu Nizar, amekaa kizingitini na kikombe chake cha kahawa.

"Yote mawili yanazamisha mguu. Wenzetu wa nchi za baridi ndivyo wanavyowindia."

Kila mwaka baridi ikianza, wanaume hawa wawili walikuwa wakiingia ramlani, kwenye jangwa la mchanga kule nyuma ya Bidiya, kuwinda paa. Ni marufuku, na Harub, mtumishi wa serikali, alilijua hilo kuliko sisi sote. Watu wakiuliza, mimi nilijibu kuwa wamekwenda kupunga upepo. Mimi Kazija, niliyesomesha watoto wa watu miaka ishirini na sita, nilisema uongo huo huku natabasamu. Niliuona mdogo.

Vile viatu vya theluji havikufaa. Kila hatua vilipiga kelele, na paa ana masikio. Mabuti yalijaa mchanga. Raba zilijaa vilevile. Makubadhi ndiyo kabisa, maana mchanga wa alfajiri mwezi wa Januari una baridi ya kukata nyayo. Nizar akasema atavaa raba zake hivyo hivyo. Harub hakuridhika. Mtu mmoja wa Bidiya akamwambia aende kwa Bi Wadha, mama wa Kibedui anayefuma soksi nene za sufu ya mbuzi. Mwenye kuzivaa hupita juu ya mchanga kama paka juu ya godoro.

Alikwenda peke yake. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, baadaye, na uso kauinamisha.

Bi Wadha alimtandikia jozi nne mpya. Harub akazishika moja moja, akazivaa, akatembea nazo nje ya banda. Moja ilimbana. Nyingine ilikuwa nyepesi mno. Ya tatu ilimwenea, akasema atachukua hiyo. Hapo akaiona jozi ya tano, imening'inia kwenye nguzo. Nyeusi, kuukuu, imefumwa ikafumika, haina hata uzi uliolegea.

"Na hizo, mama?"

"Hizo za mwanangu Mabrouk. Haziuzwi." Bi Wadha hakuinua macho. "Mwenzake aliumwa na nyoka ramlani. Wengine wakarudi, yeye akakataa kumwacha. Waliokwenda kuwatafuta hawakuwakuta wote wawili. Walikuta soksi tu, zimesimama wima mchangani kama zina miguu ndani."

Akainuka kwenda kuleta kahawa na tende.

Kaka yangu akazitungua. Akazitia ndani ya dishdasha, kanzu yake, akatundika zile mpya mahali pake. Bi Wadha aliporudi na birika, Harub akakinywa kikombe alichomiminiwa, akamuombea dua yeye na mtoto wake.

Asubuhi ya Ijumaa waliondoka baada ya sala ya alfajiri. Jua lilipochomoza lilikuta ramla yote imezama katika ukungu, mweupe, mzito, ule unaolowesha kope. Wakaacha gari, wakaingia kwa miguu.

Harub aliniambia kuwa, na zile soksi nyeusi tu miguuni, hakuwahi kutembea vile maishani mwake. Mchanga ulimbeba. Akapanda tuta la kwanza bila kuhema, la pili, la tatu. Nizar alikuwa nyuma, akizama mpaka vifundoni, akimwita, "Polepole, shemeji!" Harub hakupunguza mwendo. Alikuwa ameona nyayo mbichi za paa.

Sauti ya Nizar ikawa mbali. Kisha ikanyamaza.

Kisha ukaja ukelele.

"Harub! Mguu! Nimeanguka, ndugu yangu, njoo!"

Harub akasimama. Ukungu haukuonyesha kitu. Akasikia baridi miguuni. Baridi ya ghafla, kama amekanyaga maji. Akatazama chini.

Alikuwa pekupeku.

Soksi hazikuwapo. Hakuzivua. Ubavuni pake palikuwa na alama mchangani. Alama pana, laini, zisizo na vidole. Mbili. Zilikuwa zimeelekea nyuma, alikotoka.

Mbele ya macho yake mchanga ukadidimia. Alama ya tatu.

Ya nne.

Hapakuwa na mtu. Alama zikaenda, moja baada ya moja, bila haraka, zikaingia kwenye ukungu kuelekea ile sauti.

"Harub! Usiniache!"

Kaka yangu akakimbia. Akakimbia upande mwingine.

"Nilijua ni Nizar," aliniambia. "Usije ukanitetea, Kazija. Sikudhani ni jini linaniita. Nilijua ni yeye, na nilijua kiko kitu kinamwendea, na wallahi nilikimbia."

Saa nne alikuwa jikoni kwangu. Nilimuuliza Nizar yuko wapi. Akasema kakutana na jamaa zake, watakuja naye. Nilimwona hana viatu, miguu inatoka damu. Nilimuuliza, akasema vimekatika. Nikamkaangia mayai. Na mimi nilijua, moyo wa mke hujua, lakini niliogopa kuuliza mara ya pili, maana kuuliza ni kuita polisi, na polisi watauliza bunduki ilikwenda ramlani kufanya nini. Nikayaosha masufuria. Nikayaosha tena.

Adhana ya alasiri ilipoanza, Harub akaanguka sakafuni akalia, akasema yote.

Tulichukua Mabedui wawili wanaojua njia. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua linapiga. Tulimkuta kabla ya magharibi, chini ya ukingo mkali wa tuta. Mfupa wa goti umetoka mahali pake. Siku nzima bila maji. Mimi nilikwishajiandaa kuona maiti.

Nizar alikuwa ameketi, anatabasamu.

"Mmefika," akasema. Akamtazama Harub. "Wewe umepita wapi? Sasa hivi ulikuwa hapa."



"Kakaa nami tangu asubuhi," Nizar akawaambia wale Mabedui. "Hakusema neno. Kaniwekea mkono begani tu. Hata kiu sikuisikia."

Pembeni yake mchanga ulikuwa umebonyea, mahali pa mtu mmoja kukaa. Na mbele ya hapo, wima, zimeelekezwa kwake, soksi mbili nyeusi.

Mmoja wa Mabedui akavua kilemba, akazifunika bila kuzigusa, akazibeba.

Harub alizirudisha mwenyewe. Nilikwenda naye, nilitaka ashuhudiwe. Bi Wadha alizipokea kwa mikono miwili. Akaingiza kiganja ndani ya moja, akakiacha humo muda mrefu.

"Ulizivaa," akamwambia. "Lakini hukukaa."

 Hakutukaribisha kahawa.

Nizar alirudi nyumbani na mguu kwenye plasta, na mimi ndiye niliyemwogesha. Siku ya kwanza nilipomvua fulana niliiona alama. Kwenye bega la kushoto, weupe kama ngozi iliyokaa chini ya bandeji. Kiganja na vidole vitano. Nilisugua kwa sabuni. Nilisugua kwa dodoki. Haikutoka.

Nikamwita Harub. Sijui kama nilitaka kujua au nilitaka kumwaibisha.

"Weka mkono wako," nikamnong'oneza.

Akaweka. Vidole vya ile alama vilipita vyake kwa pingili nzima.

Nizar alikuwa ametupa mgongo, hakugeuka.

"Nani huyo?"

"Harub," nikasema.

"Aa." Alicheka kidogo. "Mkono wa Harub kule ramlani ulikuwa baridi."

Huu ni mwaka wa tatu. Nizar hatembei vizuri, lakini mgeni hakosi kusimuliwa namna shemeji yake alivyokaa naye ramlani tangu asubuhi mpaka jioni. Watu humshika Harub mkono, humuombea kheri. Harub hutazama ndani ya kikombe chake. Mimi huchukua sinia, nikaenda jikoni. Hatujasema, si yeye wala mimi.

Juzi, baridi ilipoanza, nilikuwa nampaka Nizar mafuta ya mgongo. Ile alama ipo palepale. Na sasa, kwenye bega la kulia, vidole viwili vipya, virefu vilevile, vimeanza kuonekana.