Mlio Nyuma ya Mabula

Mimi hata fisi nishamkemea akanipisha njia, lakini hili la rafiki yangu Mabula, mpiga picha wa hapa Bariadi, mpaka leo nalala na taa. Alipiga picha za harusi kijijini Zagayu, maharusi walitaka picha nyeusi na nyeupe. Ndani kulikuwa na kiza, akaweka filamu kali ya mia nne, inayonasa hata mwanga hafifu.

Akajifungia chumba cha giza kuisafisha. Kamera, sasa tupu, aliiacha sebuleni. Mara nyuma yake, kachaa, mlio wa kamera ikipiga! Akadhani ni mkewe.

“Mama Joyness, toka, mwanga utaniunguzia harusi ya watu!”

“Mimi niko nje na kuku, baba!”

Filamu ilipokauka, baada ya picha ya mwisho ya bibi harusi, pale ambapo hakupiga kitu, palikuwa na Mabula gizani, ameinama juu ya filamu hiyohiyo, kapigwa picha kwa karibu mpaka nywele za kisogo zinahesabika.