Vibao vya Mwalimu Ipyana

Ijumaa, tarehe 12 Mei 1911. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, ikapiga kwa nguvu mpaka jua lilipochomoza nyuma ya milima ya Matema, kisha ikakatika. Saa moja asubuhi migomba ya kijiji cha Makwale ilikuwa bado inadondosha maji, na njia zote zilikuwa tope.

Saa hiyo Mwalimu Ipyana alifungua mlango wa shule yake akakuta vibao vya kuandikia vimevunjwa vyote. Vilikuwa vibao vya jiwe jeusi, mali ya misheni, vilivyovushwa ziwani kwa taabu. Mtu alikuwa amevipanga juu ya mkeka, akaukunja mkeka juu yake, kisha akavitwanga kwa kisigino mpaka vikawa vipande.

Haikuwa asubuhi ya kawaida. Mchungaji Mjerumani wa Matema alikuwa njiani kuja kumtazama Ipyana akifundisha. Misheni ilikuwa inamtafuta mwalimu mmoja wa kupanda milimani na kusoma miaka miwili masomo ya walimu wakuu. Atakayerudi ataongoza shule zote za bondeni, na walimu wote watakuwa chini yake. Jina la kwanza lilikuwa la Ipyana. La pili lilikuwa la Hezroni, mwalimu wa Matema. Mzee Asajile, mwalimu wa kijiji jirani, ambaye ndiye aliyewafundisha wote wawili kusoma, jina lake halikutajwa kabisa.

Mchungaji alifika saa mbili pamoja na Hezroni. Walimkuta Asajile amekwisha fika. Alisema alitoka kwake mvua ilipokatika, akitaka kumwombea kijana wake kabla ya mtihani.

Mchungaji alivitazama vipande, kisha akamtazama Ipyana.

"Nani analala karibu na shule?"

"Mimi, Bwana Mchungaji. Nyumba yangu ndiyo ile."

"Mkeka huu ni wa nani?"

"Wangu. Mke wangu aliuanika uani jana, akausahau."

"Na hukusikia kitu?"

"Mvua ilikuwa kubwa. Nisingesikia hata ng'ombe akianguka."

Mchungaji alisema kwamba mtu asiyeweza kulinda vibao hawezi kulinda shule. Tena alisema yawezekana watoto hawakuwa tayari, na mwalimu wao akaona heri mtihani usifanyike. Ipyana alifungua mdomo, akaufunga.

Wapagazi wa milimani walikuwa waondoke Matema kesho yake alfajiri, na Mchungaji alitaka kurudi na jina moja. Alimgeukia Hezroni. "Una muda mpaka adhuhuri. Ukimpata mtu mwingine aliyefanya hivi, Ipyana atakwenda. Usipompata, utakwenda wewe."

Hezroni aliitikia kwa heshima. Moyoni alifurahi, naye akajua kwamba amefurahi.

Alikuwa amejifunza kusoma akiwa na ndevu, jioni baada ya kuvuta nyavu, amekaa sakafuni katikati ya watoto. Ipyana alikuwa mmoja wa watoto wale. Yeye alikuwa akiona herufi mara moja na kuikumbuka daima, huku Hezroni akiirudia mpaka taa inaishiwa mafuta. Kwa miaka miwili Hezroni alikuwa amemwomba Mungu nafasi hii kila alfajiri, na kila alfajiri jina la Ipyana lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alianza na mkeka. Ulikuwa umelowa mpaka ndani ya ukindu. Paa la shule halikuvuja mahali popote, na sakafu ilikuwa kavu, isipokuwa pale mkeka ulipolazwa na kwenye mstari wa matone kutoka mlangoni. Basi uliingizwa ukiwa umekwisha kunyeshewa. Mvunjaji alikuja wakati wa mvua, kwa maana ilipokatika kishindo kingemwamsha Ipyana.

Watu waliokusanyika nje walimtaja Nsajigwa, mwenye ng'ombe wengi, ambaye juzi alikuja shuleni na fimbo kwa sababu mwanawe aliacha malisho kwa ajili ya masomo. Hezroni alimkuta zizini, tope limempanda mpaka mapajani.

"Ugonile, Nsajigwa. Ulikuwa wapi mvua ilipokuwa inanyesha?"

"Nilikuwa namvuta ng'ombe aliyenasa mtoni, mimi na majirani. Waulize, mikono yao bado inatetemeka." Nsajigwa alicheka. "Tena, mwalimu, mimi nikitaka kuvunja, kwa nini nihangaike na vibao vingi? Mwalimu ni mmoja."

Majirani walithibitisha. Walikuwa mtoni tangu mvua ilipoanza mpaka ilipokwisha.

Hezroni alirudi akizunguka shule kwa upande wa migomba. Hapo, kando ya njia iendayo kisimani, aliona mtungi. Haukuanguka, ulikuwa umewekwa chini taratibu, mdomo juu, na ndani mlikuwa na maji ya mvua machache, safi, yasiyotosha hata kunawa. Kutoka kwenye mtungi nyasi zilikuwa zimelala kuelekea kwenye migomba, na nyuma ya mgomba mnene tope lilikuwa na alama mbili za magoti.

Alichuchumaa akazitazama kwa muda mrefu. Mtu anayejificha ili apeleleze huelekeza uso njiani. Huyu alikuwa ameigeuzia njia mgongo.

Hapo alielewa karibu yote, na alitamani asingeelewa.

Neli, mke wa Ipyana, aliutambua mtungi mara moja. "Wa Rut, mke wa Yakobo. Alipita hapa anakwenda kisimani, na mvua ikamkuta njiani. Nilimwona akirudi mikono mitupu, analia."

Kijiji kile kilikuwa cha vijana. Desturi ya Wanyakyusa ni kwamba wanaume wanaooa hujenga pamoja, mbali na baba zao, ili mke asikutane ovyo na baba wa mumewe. Mke hamtazami baba mkwe wake wala halitamki jina lake. Akimwona kwa mbali huiacha njia, hupiga magoti na kumpa mgongo mpaka apite. Huwafanyia vivyo hivyo ndugu wa kiume wa baba mkwe.

Rut alikuwa amekaa kando ya jiko, khanga yake ina tope magotini.

"Sikumwona mtu, mwalimu," alisema kabla hajaulizwa.

"Sikuulizi ulimwona nani. Nauliza neno moja tu. Ulipopiga magoti pale, ilikuwa kwa hofu au kwa heshima?"

Rut aliinama. "Kwa heshima."

"Ndaga, asante, mwanangu," alisema Hezroni, akatoka.

Njiani alimkuta Asajile anamsubiri. Mzee alimshika mkono kama zamani alipokuwa akimwonyesha kushika kalamu. Alimwambia kwamba leo Mungu amemkumbuka. Alimkumbusha jinsi Ipyana mdogo alivyokuwa akimsahihisha Hezroni mbele ya watoto wakacheka.

"Jua linapanda," alisema Asajile. "Keti kivulini, mwanangu. Adhuhuri ikifika, kila kitu kitakuwa kimekwisha, na hutakuwa umesema uongo hata mmoja."

Ilikuwa kweli. Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji kunyamaza tu.

Hezroni alikwenda nyuma ya shule akapiga magoti. Hakuomba kwa maneno mazuri. Alimwambia Mungu kwamba anaitaka nafasi ile, kwamba anamwonea Ipyana wivu hata sasa, na kwamba kama Bwana alikuwa na nia ya kumpa, mbona amemwonyesha magoti yale. Hakusikia jibu lolote. Kilichomjia ni sura ya Ipyana akifungua mdomo na kuufunga. Alisimama akafuta magoti yake.

Karibu saa sita aliwaomba wote waingie shuleni. Mchungaji alikaa mezani. Ipyana alisimama ukutani, na Asajile alikaa kwenye benchi. Kisha Neli akamleta Rut.

Rut aliingia akiwa ameinamisha macho. Alipoyainua na kuona nani amekaa kwenye benchi, aligeuka hapohapo, akapiga magoti akitazama ukuta, na kujifunika kichwa kwa khanga.

"Huyu ana nini?" aliuliza Mchungaji.

"Hana kitu, Bwana Mchungaji. Anampa heshima Mzee Asajile, baba wa mumewe Yakobo. Asubuhi, mvua ikinyesha, aliuacha mtungi wake njiani akapiga magoti hivihivi, mgongo njiani. Alama zake ziko kwenye tope, nyuma ya shule hii."

"Desturi hiyo mliniambia mmeiacha."

Watu walitazama miguu yao. Asajile mwenyewe ndiye aliyekuwa akihubiri kwamba mkwe Mkristo na amsalimu baba mkwe wake kwa uso.

"Kila mkwe hufanya hivi," alisema Asajile kwa utulivu. "Haionyeshi kwamba nilipita."

"Kweli, tata, baba yangu. Basi tutajie mwanamume mwingine ambaye Rut angemwachia njia. Ndugu zako walikufa kwa ndui, Mungu awarehemu. Umebaki wewe peke yako. Nawe ulisema ulitoka kwako mvua ilipokatika. Mtungi ulikuwa na maji ya mvua."

"Labda pale alijificha mtu mwingine, au mkwe mwenyewe baada ya kuvunja."

Mchungaji alipiga meza kwa kidole. "Basi aseme mwenyewe. Rut, ulimpisha nani? Taja jina. Usipolitaja, nitajua kwamba ni wewe."

Rut alianza kulia chini ya khanga. Alikuwa anaambiwa alitamke mbele ya watu jina ambalo hakulitamka hata akiwa peke yake.

Asajile aliutazama ule mgongo. Kisha kitu usoni mwake kilishuka, kama mtu anayetua mzigo kwa sababu mikono imekataa.

"Mwache mtoto," alisema. "Ni mimi."

Alisema hayo akimtazama Ipyana, wala si Mchungaji. "Nilikushika mkono huo ukaandika herufi ya kwanza. Nilianza kufundisha chini ya mti hapa pakiwa na nyasi tu. Yametajwa majina, langu halimo. Hilo ningelimeza. Hata Hezroni angekwenda ningemvumilia, maana yeye nilimzidi. Lakini wewe ungerudi kutoka milimani ukaja kukagua shule yangu, nami nisimame mlangoni kukungoja. Ulikuwa bora kuliko mimi tangu ukiwa mtoto, Ipyana. Nililijua kabla ya watu wote, nikakaa nalo miaka yote hiyo."

"Ungeniambia, tata," alisema Ipyana polepole. "Nisingekuja kukukagua. Ningekuja kukuuliza."

Asajile alifunika uso.

Mchungaji alisema jambo hili halitapelekwa bomani. Shule ya Asajile itakuwa mikononi mwa wazee wa kanisa mpaka wakae kuamua. Kisha akamwambia Ipyana awatoe watoto nje.

Vibao havikuwapo, lakini mvua ilikuwa imeulaza udongo wa uwanja ukawa laini. Ipyana aliwapanga watoto, kila mmoja na kijiti chake, wakaandika ardhini. Aliyekosea alifuta kwa kiganja akaandika tena bila aibu, na mwalimu alipita katikati yao akiinama kwa kila mmoja kana kwamba hakuna mwingine. Hezroni alitazama akiwa pembeni. Alijua hakuwahi kufundisha hivyo. Ilimuuma kuliko ule mwiba wa kila alfajiri.

Mchungaji alifunga kitabu chake. "Utaondoka kesho."

Ipyana hakufurahi kama walivyotazamia. Aliuliza nani atakayebaki na watoto hawa, maana Mzee Asajile ndiye aliyekuwa akimtegemea. Watu walitazamana. Hapakuwa na mwalimu mwingine bondeni asiyekuwa na shule yake.

Hezroni alitoka pembeni. Alisimama mbele ya Mchungaji, Nsajigwa, Neli, wazazi na watoto wenye matope mikononi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye migomba:

"Shule ya Matema inaye Mchungaji wa kuifundisha. Mimi nitahamia hapa. Nitakuonea wivu, Ipyana, kila siku utakayokuwa milimani, na kila siku nitamwomba Mungu auondoe. Sijui kama atauondoa. Lakini mbele ya hawa wote naahidi: shule yako utaikuta imesimama, hakuna mtoto wako atakayepotea, na siku utakaporudi kunikagua, nitakungoja mlangoni."