Saa Iliyopwaya Mkononi mwa Fundi

Fundi cherehani wa mtaa wetu hana masihara na vipimo. Akikushonea suruali, inakukaa kama umezaliwa nayo. Lakini kwa siku tisa hakutoka hata kwenda dukani. Alikaa akiitazama saa yake nyeusi ya mazoezi, kama mtu anayesubiri simu ya mkwe.

Saa hiyo alinunuliwa na wanawe mapacha, baada ya kulazwa kwa ugonjwa wa moyo. Daktari alimwambia, "Tembea nusu saa kila siku. Mapigo yako yasizidi mia na ishirini kwa dakika. Usikae tu."

Siku ya kwanza alitembea hadi kwenye kona. Saa ikaonyesha mia na hamsini na nane! Fundi akarudi nyumbani akinyata. Tangu hapo hakutembea tena.

"Baba Pacha, twende basi," mkewe alimbembeleza kila asubuhi.

"Una haraka ya kurithi?"

"Nirithi nini? Vitambaa vya wateja?"

Walicheka. Lakini mkewe hakuwa na raha. Mlangoni pao pana ngazi tatu tu. Sasa mumewe, hata akishuka uani tu, alizipanda akihema.

Siku ya kumi, jirani yao muuguzi alikuja kuchukua sare yake. Akasikia habari yote.

"Hii saa imesomea wapi udaktari?" aliuliza. "Vaa viatu, Fundi."

Walitembea pamoja hadi kwenye kona. Saa ikasema mia na hamsini na sita.

"Umeona, dada? Nakufa!"

"Haya marehemu, nipe mkono."

Muuguzi aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Akahesabu mapigo kwa nusu dakika. "Hamsini na mawili. Mara mbili, mia na manne. Hujavuka kikomo cha daktari."

"Sasa saa inahesabu nini?"

"Saa hii haisikii moyo. Inamulika ngozi kwa taa ndogo na kutazama damu inavyopita. Ikichezacheza, inachanganyikiwa. Pengine ilikuwa inahesabu hatua zako ikidhani ni mapigo." Akaisukuma saa. Ikazunguka mkononi kama bangili. "Mbona umeilegeza hivi?"

Fundi aliona haya. Mkono huo ulivaa kimto cha kuchomekea pini za kushonea kwa miaka thelathini. Hakupenda kuubana zaidi. Saa ilikaa chini ya kimto, ikiteleza juu ya mfupa.

"Shati likipwaya hivi, ungempa mteja?" muuguzi aliuliza.

Fundi aliizungusha saa mkononi.

"Siku tisa," alisema polepole. "Nimeamini kipimo bila kutazama kilivyokaa mwilini. Mimi, fundi!"

Muuguzi aliipandisha saa, vidole viwili juu ya mfupa. Akaikaza kiasi, isiteleze wala isiumize.

"Hata hivyo, usiiamini kupita kiasi," alimwonya. "Siku nyingine moyo utakimbia, nayo iseme uko sawa. Ukiwa na shaka, simama uhesabu kwa vidole. Ukitembea, uweze kuzungumza bila kukatika pumzi. Na kifua kikibana, au ukisikia kizunguzungu, simama uombe msaada upelekwe hospitali. Usingoje saa ikuruhusu."

"Na mke wangu naye asizidi mia na ishirini?"

"Hicho ni kikomo chako. Kila mtu amuulize daktari wake."

Jioni hiyo Fundi alikivua kimto cha pini. Akakifunga kwenye cherehani. Kwa wiki nzima mkono wake wa pili ulikwenda kuchomeka pini mahali pasipo na kimto, ikamchoma. Mkewe alimcheka kila alipopiga kelele.

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku hiyo. Wanatembea wawili kila asubuhi. Fundi huanza polepole, kisha huongeza mwendo. Kwenye kona husimama na kuhesabu kwa vidole.

Jana walirudi Fundi akimsema mteja mmoja aliyenenepa na kudai suruali ndiyo iliyopungua. Alianza kumsema barabarani. Akafika mlangoni bado anamsema. Mkewe alitega sikio. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi hakukata maneno hata mara moja.

Siku nyingine angemwambia afunge mdomo. Jana alimwacha aseme.